Visiki Vinne vya Maximilla

Jumatatu saa mbili kasorobo asubuhi, wanafunzi wa mwaka wa pili wa stashahada ya mazingira walipanga foleni mbele ya stoo ya chuo, nje kidogo ya mji wa Kasulu, wakigawiwa vifaa vya mafunzo kwa vitendo. Kila wawili walipewa tepu moja, kopo la rangi nyeupe, brashi, na fomu zilizobanwa kwenye kibao. Mvua ilikuwa imeuacha udongo mwekundu ukinata, na waliokosa mabuti walirushiwa tope mgongoni na ndala zao wenyewe. Mwalimu Castory aliomba sala fupi. Alimshukuru Mungu kwa uumbaji, akamwomba awakinge na nyoka, kisha akawaambia wapande lori.

Evaline alipangwa na Crispin, kijana mrefu wa Kibondo ambaye alikuwa hawezi kupima kitu bila kukisimulia. Evaline mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na miwili na alitoka Rungwe Mpya. Nyumbani walimwita Niyubahwe, lakini chuoni jina hilo liliwafanya watu waulize swali la pili, kama yeye ni Mrundi, kwa hiyo alitumia la ubatizo. Baba yake, Bazilio, alikuwa Muha, mkulima wa mihogo na maharage. Mama yake, Maximilla, alivuka kutoka Burundi mwaka 1993 akiwa msichana, akaishi miaka minane katika kambi ya Mtabila kabla Bazilio hajamwoa na kumtoa huko. Siku hizi alikuwa Mtanzania, na kitambulisho chake alikifunga katika nailoni mbili ndani ya sanduku la bati.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye kilima cha Nyakigezi, kilichokuwa msitu wa miombo na sasa kilikuwa nyasi na visiki. Walitakiwa kuhesabu visiki, kupima kipenyo, kutambua aina ya mti, na kupaka namba. Ripoti ingeitwa "Athari za Wakimbizi kwa Msitu wa Nyakigezi". Mwalimu Castory alikuwa amefundisha mada hiyo kwa wiki tatu, akionyesha ukutani picha zilizopigwa kutoka angani, za miaka mbalimbali, na katika kila picha kijani kilikuwa kimepungua. Kwenye jaribio aliuliza sababu nne za kutoweka kwa msitu. Evaline aliandika wakimbizi kuwa sababu ya kwanza, akapata themanini na sita, akaona ni alama nzuri.

Kisiki cha kwanza kuongea kilikuwa kile ambacho Crispin alikikalia ili afunge kamba za viatu. Kilisema kwa Kiha, kwa sauti ya mtu anayeitikia mahudhurio:

"Evaristi, shoka, mwaka elfu moja mia tisa themanini na nane. Mizinga ya nyuki."

Crispin alimaliza kufunga kiatu kimoja, akahamia kisiki cha pili kwa ajili ya kile kingine. Nacho kikataja jina, kifaa, mwaka, na matumizi.

"Mwalimu," Crispin aliita, "huku vinaongea."

Mwalimu Castory alikuwa Mngoni wa Songea. Katika miaka minne aliyokaa Kasulu alikuwa amejifunza kusalimia kwa Kiha na kuulizia bei ya ndizi, basi. Alikuja, akakaa, akasikiliza kisiki hadi mwisho kama mtu anayesikiliza tangazo la redio katika lugha ya jirani.

"Kinasema nini?"

Evaline alimtafsiria. Mwalimu alifikiri kidogo, akapekua fomu.

"Kuna safu ya maelezo hapa mwisho. Andikeni humo. Lakini andikeni kinachosemwa tu, msiongeze maoni yenu."

Ilionekana kwamba kisiki hakisemi mpaka kikaliwe, na kwamba hakijali nani amekikalia. Vilivyooza vilinong'ona. Vilivyoingiwa na mchwa vilisema kama mtu mwenye chakula mdomoni, ikabidi vikaliwe mara mbili. Kufikia saa nne Evaline na Crispin walikuwa na visiki arobaini, na kwa kuwa suruali zao zilikuwa zimelowa, walikubaliana wakae kwa zamu.

Cha arobaini na moja kilikuwa zamu ya Evaline. Kilikuwa cha mti wa mtundu, kipenyo sentimita ishirini na nane.

"Maximilla wa Mtabila," kilisema, "panga la kuazima, mwaka elfu moja mia tisa tisini na tisa. Maji ya moto ya kumwogesha Divine."

Crispin aliandika. "Maximilla nani?"

"Wa Mtabila."

"Na huyo Divine?"

"Simjui," alisema Evaline, na ilikuwa kweli. Yeye ndiye aliyekuwa mtoto wa kwanza wa mama yake. Hilo alilijua kama alivyojua jina la kijiji chao, na ndiyo maana aliosha vyombo vya wadogo zake wanne tangu akiwa na miaka saba.

Cha arobaini na mbili kilikuwa hatua tano mbele. Ilikuwa zamu ya Crispin, lakini Evaline alitangulia kukaa.

"Maximilla wa Mtabila, panga la kuazima, mwaka elfu moja mia tisa tisini na tisa. Uji wa Divine."

Cha arobaini na tatu kilisema: "Maximilla wa Mtabila, panga la kuazima, mwaka elfu moja mia tisa tisini na tisa. Moto wa kumpasha Divine joto."

Cha arobaini na nne kilikuwa chembamba kuliko vyote, sentimita kumi na moja tu, na kilikatwa kwa mapigo mengi, kama ya mtu ambaye mikono imemwishia nguvu. "Maximilla wa Mtabila, panga la kuazima, mwaka elfu moja mia tisa tisini na tisa. Fito za kuzungushia kaburi la Divine."

Crispin alisimama na kalamu hewani. Alikuwa amekwisha kuelewa, maana siku ya wazazi aliwahi kula ndizi za mama yake Evaline na kulisikia jina lake. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakusimulia kitu.

"Niandike?" aliuliza.

"Andika."

"Yote?"

"Mwalimu amesema tusiongeze. Hakusema tupunguze."

Siku ya pili walipanda juu zaidi kilimani. Huko visiki vilikuwa vikubwa, vingi vya mninga, na juu yake vilikuwa laini kama meza. Evaline alikaa kwenye cha kwanza akiwa na wazo kwamba labda kingemtaja tena mama yake, na hakujua kama alilitaka hilo au alilihofia.

"Mchungaji Venanti," kilisema, "msumeno wa mashine, mwaka elfu mbili na kumi na tano. Mbao za paa la kanisa la chuo."

Kilichofuata kilisema Mchungaji Venanti, msumeno wa mashine, milango ya ofisi. Kilichofuata, tanuru la matofali, bweni la wasichana. Vingine kumi na viwili mfululizo vilisema bweni la wasichana. Evaline alilala katika bweni hilo, kitanda cha juu karibu na dirisha, na alikuwa amepigilia msumari ukutani wa kutundikia taulo. Sasa hakujua aufikirie vipi ule ukuta.

"Mwaka 2015," alisema Crispin. "Kambi ilifungwa lini?"

"Elfu mbili na kumi na mbili."

"Basi wakimbizi walikuwa wameshaondoka."

"Walikuwa wameondoka."

Mchungaji Venanti alikuwa mkuu wa chuo. Alikuwa mtu mpole, aliyejua majina ya wanafunzi wote na magonjwa ya wazazi wao.

Siku ya Alhamisi walijumlisha. Visiki vyote vilikuwa mia tatu kumi na viwili. Tisini na saba vilitaja watu wa kambini. Thelathini na tisa vilitaja wanavijiji, wengi wao warina asali na wachonga mipini ya majembe. Mia moja sabini na sita vilimtaja Mchungaji Venanti. Evaline alirudia hesabu mara tatu, kwa sababu hakuamini kwamba jambo ambalo alilifaulu kwa themanini na sita linaweza kuwa limekaa vile. Kisha wakampelekea Mwalimu Castory jedwali.

Mwalimu alilisoma akiwa amesimama. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akalisoma tena akiwa amekaa. Halafu akawapeleka kwa mkuu wa chuo.

"Karibuni, wanangu," alisema Mchungaji Venanti. "Evaline, mama hajambo mgongo?"

"Hajambo, Mchungaji. Anaendelea."

Alilipitia jedwali kwa kidole, mstari kwa mstari, bila haraka. Walisikia jikoni wakipasua kuni.

"Ni sahihi," alisema. "Jana nilikwenda mwenyewe nikavikalia baadhi. Vinakumbuka vizuri. Vingine mimi nilikuwa nimevisahau."

Evaline alikuwa amejiandaa kwa ajili ya mtu atakayekana, na sasa maneno yote aliyokuwa ameyapanga hayakuwa na pa kwenda.

"Tatizo ni moja tu," aliendelea Mchungaji. "Ripoti yenu inaitwaje?"

"Athari za Wakimbizi kwa Msitu wa Nyakigezi," alisema Crispin.

"Enhe. Na mimi si mkimbizi. Wazee wa asali nao si wakimbizi. Hivi vya kwetu ni vya kweli, ila vimeingia kwenye ripoti isiyo yao. Viondoeni humo, mvitunze vizuri. Vitawekwa kwenye ripoti yake."

"Ipi, Mchungaji?" aliuliza Evaline.

"Itakayoombwa," alisema, kwa upole uleule, kisha akasimama na kuyaombea masomo yao. Katika sala alimtaja Maximilla na mgongo wake.

Walipotoka, Evaline alimfuata Mwalimu Castory barazani.

"Mwalimu, ni sawa hivyo?"

"Kichwa cha ripoti ndicho mpaka wa ripoti. Nimewafundisha hivyo muhula wa kwanza."

"Ndiyo, ulitufundisha. Lakini ni sawa?"

Mwalimu Castory aliutazama uwanja, ambako wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wakimwagilia bustani ya maua. "Mimi mwenyewe ningependa kujua," alisema. "Ukipata jibu uniambie." Halafu akaenda kufundisha.

Evaline alikaa kwenye kompyuta ya maktaba na kufuta mistari mia mbili kumi na mitano. Ilichukua muda mfupi kuliko alivyodhani. Kompyuta ilikokotoa upya yenyewe, na alipofika kwenye hitimisho ikambidi aandike ilichokokotoa: kwamba asilimia mia moja ya ukataji uliorekodiwa ulifanywa na wakimbizi. Aliisoma sentensi hiyo mara nyingi akitafuta mahali ilipodanganya. Kila neno lilikuwa kweli kwa mujibu wa jedwali lililobaki, na katika jedwali lililobaki mama yake alikuwa na mistari minne.

Jumamosi alikwenda nyumbani. Alimkuta mama yake nje ya jiko, akimenya mihogo na kuitumbukiza kwenye beseni la maji. Alichukua kisu kingine, akakaa kwenye kigoda. Walimenya mihogo mitatu mitatu kabla hajasema.

"Mama, Divine ni nani?"

Mkono wa Maximilla haukusimama. "Nani amekwambia?"

"Kisiki."

"Kile cha maji ya moto?"

"Hicho, na cha uji, na cha moto. Na kile chembamba."

"Nilidhani vimekwishaoza," alisema mama yake. Aliutupa muhogo kwenye beseni. "Alikuwa mkubwa wako. Alifika miezi minane. Baba yake alirudi Burundi kutazama shamba, hatukumsikia tena. Halafu ikaja homa, na siku zile kuni za mgawo zilikuwa zimekwisha, watoto wengi walikuwa na baridi. Nikaenda Nyakigezi."

"Hukuwahi kusema."

"Ungemfanyia nini?"

Evaline alitaka kumkasirikia mama yake na hakuona pa kuanzia. Alitaka pia kumlilia mtoto aliyekuwa dada yake, lakini alikuwa amemfahamu kwa siku tano tu, na katika siku hizo tano alikuwa akimfahamu kama maelezo kwenye fomu.

"Vinasema jina lake vizuri?" mama yake aliuliza.

"Vizuri kabisa."

"Maana pale makaburini hawakuandika. Na siku hizi hata makaburi yenyewe huwezi kuyajua. Nyasi zimekua." Alichukua muhogo mwingine. "Panga lile lilikuwa la baba yako. Alikuwa akilima karibu na kambi. Niliazima kwake mara nne, na mara ya nne alinisindikiza kulibeba lile zigo la fito, hakuniuliza kitu. Miaka miwili baadaye akaja na mjomba wake kuniposa."

Kutoka nyuma ya nyumba walimsikia Bazilio akikohoa na kumpigia kelele mbuzi aliyeingia kwenye maharage.

Ndipo Evaline akamweleza habari ya ripoti. Alimweleza visiki mia moja sabini na sita vya Mchungaji, na alivyovifuta, na ile asilimia mia moja. Alieleza taratibu, huku akingoja mama yake amwambie kwamba amefanya vibaya, au kwamba amefanya vizuri. Lolote kati ya hayo mawili lingemsaidia.

"Mimi nilikata," alisema Maximilla. "Vinne. Hawajasema uongo."

"Lakini si wewe uliyeumaliza msitu, Mama."

"Najua. Hata hao wanajua." Alisimama, akashika kiuno. "Lete maji mengine, mwana wanje," alisema, akimwita mwanangu kwa Kirundi, "haya yamechafuka."

Mwezi wa kumi na mbili, mvua zilipokolea, chuo kilifanya siku ya kupanda miti. Shirika moja lilikuwa limesoma ripoti na kutoa miche elfu nne, na mgeni rasmi alitoka huko. Wanavijiji wa Rungwe Mpya walialikwa, hasa wale ambao zamani walikuwa kambini, kwa sababu barua ilisema ingependeza waonekane wakirejesha walichochukua. Maximilla alikuja na jembe lake, amevaa kitenge cha kanisani. Mbele ya kilima palikuwa na bango jipya la bati: ENEO LILILOHARIBIWA NA WAKIMBIZI, LINAREJESHWA NA CHUO.

Viti vilipungua. Mgeni rasmi, mama mmoja mnene mwenye kofia ya jua, alisema yeye hana makuu, akaketi kwenye kisiki kipana cha mninga.

"Mchungaji Venanti, msumeno wa mashine, mwaka elfu mbili na kumi na tano. Mbao za paa la kanisa la chuo."

Watu walisubiri kimalize. Kwaya nayo ilisubiri.

"Kinasema nini?" aliuliza mgeni rasmi.

Mwalimu Castory alitazama viatu vyake. Mchungaji Venanti alimgeukia Evaline, akamwashiria kwa kichwa aendelee, kama baba anayemhimiza mtoto asome somo kanisani. Evaline hakujua ile ishara ilimtaka aseme nini, na alipofungua mdomo alikuwa bado hajaamua.

"Kinamtaja aliyekikata. Ni Mchungaji Venanti, kwa msumeno wa mashine, mwaka 2015. Mbao za paa la kanisa."

Mgeni rasmi alikitazama kisiki alichokalia, kisha akamtazama Mchungaji, ambaye aliinamisha kichwa kukubali.

"Na hiki kimo kwenye ripoti niliyoisoma?"

"Hakimo," alisema Evaline. "Viko mia moja sabini na sita. Havimo."

"Kichwa cha ripoti hakiruhusu," alisema Mwalimu Castory kwa sauti ndogo.

"Ah," alisema mgeni rasmi. "Naelewa. Sisi pia tuna vichwa vya namna hiyo." Aliandika kitu kifupi kwenye daftari lake, akalifunga, akatoa hotuba. Alisema kwamba wakimbizi walipokewa kwa upendo na msitu ukalipa gharama ya upendo huo. Watu walipiga makofi. Maximilla alipiga makofi pia, kwa sababu aliyekuwa kando yake alipiga.

Halafu wakapanda. Wanafunzi walisimamia mistari. Evaline na Crispin walipewa mteremko wa chini na kamba yenye mafundo, fundo kila baada ya mita tatu, ili miche isisongamane. Mashimo yaliyokwisha kuchimbwa hayakutosha, kwa hiyo wengine walijichimbia.

Maximilla alipita kwenye visiki bila kuuliza njia. Kwenye cha arobaini na moja alikaa, kikasema, naye akaitikia, "Abee." Alikaa kwenye cha pili na cha tatu, akaitikia. Kwenye cha nne alikaa muda mrefu. Kisiki kilisema mara moja, kama kawaida yao, kikanyamaza, naye aliinuka kidogo na kukaa tena ili kirudie. Alifanya hivyo mara kadhaa. Waliokuwa karibu waliendelea na kazi na hawakumtazama sana.

Baadaye aliomba mche. Alichimba kwa jembe lake pembeni kabisa ya kisiki hicho, akachana nailoni kwa meno, akaupanda, akaushindilia kwa viganja.

Crispin alikuwa ameushika mwanzo wa kamba, juu ya mteremko. Aliona, akasita, kisha akamwita Evaline badala ya kumwita mama.

"Pale haiko sawa," alisema. "Mwalimu atakagua."

Evaline alivuta kamba hadi pale. Fundo halikuangukia kwenye mche. Liliangukia mbele, mahali penye changarawe.

"Mama, hapa ni mita moja na nusu tu kutoka ule mwingine. Inatakiwa tatu."

Maximilla aliitazama kamba, akamtazama binti yake. "Pima tena."

Evaline alipima tena. Aliikaza kamba, akailegeza, akaikaza. Fundo lilirudi palepale.

Mama yake hakubisha. Alipiga magoti, akaingiza vidole udongoni, akaung'oa mche pamoja na udongo wake wote, akaubeba kwa mikono miwili mpaka kwenye changarawe. Alichimba upya, akaupanda, akaushindilia kwa mguu.

"Hapa je?"

"Hapo sawa, Mama," alisema Evaline, akavuta kamba kwenda kwenye shimo linalofuata.